Tuuze nyumba kwa bei hii, na bado twende Zanzibar?

*"Tunaishi Syokimau, karibu na Nairobi, katika mezoneti tuliyoinunua 2016 kwa shilingi milioni 11.5. Benki bado inatudai milioni 7.6 kwa riba ya asilimia 15, na kila mwezi tunarejesha 120,000. Mume wangu alikuwa kwenye mradi wa USAID, shirika la misaada la Marekani. Kazi iliisha mapema 2025 na tangu hapo anapata vibarua vya ushauri tu. Hatujawahi kuchelewa kulipa, lakini akiba iliyobaki ni ya miezi minne. Nyumba tumeitangaza kwa milioni 18 kwa sababu jirani aliuza yake kwa 17 mwaka 2019. Miezi kumi imepita na aliyetaja bei ya maana ni mmoja tu: milioni 13.8. Ajenti anasema tusubiri, soko litarudi. Rafiki anasema tuhamie Kitengela, hii tuipangishe hadi bei ipande. Mwingine anasema tukiuza, KRA (mamlaka ya ushuru) itachukua asilimia 15, yaani zaidi ya milioni mbili. Halafu kuna watoto, wa miaka 13 na 8, tuliowaahidi Zanzibar mwisho wa mwaka. Tumeletewa pakiti ya ndege na hoteli, siku nne, kwa 380,000. Mume wangu anasema tutoe kwenye arubuni ya mnunuzi. Dada yangu anasema kuuza nyumba huku unapanda ndege ni wazimu. Tufanyeje?"*

Dada, pole kwa mwaka mliopitia, na hongereni kwa kutochelewesha hata rejesho moja. Hilo litawafaa mtakapokwenda kuzungumza na benki, na nitalirudia chini.

Umeniuliza mambo mawili kana kwamba yanapingana: nyumba na safari. Nimepiga hesabu zako na sioni kwamba safari ndiyo inayowamaliza. Kinachowamaliza ni kusubiri. Kila mwezi mnaokaa na tangazo la milioni 18, pesa inatoka mfukoni bila kelele, na mwezi mmoja wa kusubiri unakaribia kugharimu safari nzima ya watu wanne, ikipangwa kwa akili.

Kwanza tuimalize ile bei ya jirani. Milioni 17 ya 2019 ilikuwa ya mnunuzi wa 2019. Hapa kwetu Kenya nyumba chache sana hununuliwa kwa mkopo wa benki. Mikopo ya nyumba nchini nzima ni karibu 30,000 tu, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 50. Wanunuzi wetu ni watu wa akiba, sacco, biashara na ndugu walio ng'ambo, kwa hiyo mishahara na biashara zikibanwa, soko la nyumba halishuki bei mara moja. Linaganda. Mabango hayashuki, bei kwenye matangazo zinabaki pale pale, ila simu ndizo zinazoacha kulia. Muuzaji akipita mtaani na kuona kila mtu ameandika 17 na 18, anadhani hiyo ndiyo bei. Hiyo ni bei ya wasiouza.

Angalia kilichompata mnunuzi wako wa kawaida, mwajiriwa wa ngazi ya kati. Makato ya nyumba za bei nafuu ya asilimia 1.5 yalianza 2023. Bima ya afya ya SHIF ikaja Oktoba 2024 kwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, na makato ya pensheni ya NSSF yamekuwa yakipanda kwa awamu. Mwenye pesa taslimu naye alipata mahali pengine pa kuziweka: Februari 2024 Serikali iliuza hatifungani ya miundombinu yenye faida ya zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka, isiyotozwa ushuru. Mtu aliyekuwa akitafuta mezoneti ya kupangisha Syokimau, apate asilimia tano au sita huku akipigiwa simu za choo kuziba, kwa nini asingenunua hatifungani akalala? Wengi walifanya hivyo, na sidhani walikosea.

Ajenti wako ana ukweli nusu. Riba ya Benki Kuu, iliyofika asilimia 13 Februari 2024, ilianza kushushwa Agosti mwaka huo na kufikia mwisho wa 2025 ilikuwa 9. Mikopo ikipungua bei, wanunuzi hurudi, ila hurudi polepole, na hurudi kwanza kwa nyumba za bei ya chini. Hakuna kinachoahidi kwamba watakukuta ndani ya miezi minne uliyobaki nayo. Na ajenti hapotezi kitu kwa kukwambia usubiri. Anayelipa riba ni wewe.

Sasa hesabu, na nakuomba uifanye na mume wako mezani, kwa kalamu.

Mkiuza kwa 13.8, mtoe deni la 7.6. Ajenti kwa asilimia tatu pamoja na VAT ni kama 480,000. Wakili na vibali, tuseme 220,000. Mnabaki na karibu milioni 5.5. Pesa hiyo ikiwekwa kwenye mfuko wa soko la fedha au hawala za hazina kwa asilimia 8, baada ya kukatwa ushuru wa asilimia 15 ya faida, inazaa kama 31,000 kwa mwezi.

Msipouza, kila mwezi riba pekee inakula kama 95,000. Ile 25,000 inayobaki ya rejesho lenu inapunguza deni, hivyo siiiti hasara. Ongeza ada ya ulinzi, taka na maji ya mtaa, tuseme 8,000. Ongeza ile 31,000 ambayo mngeipata lakini hamuipati. Kisha, kwa haki, toa kodi ambayo mngelipa kwingine, maana sasa mnalala humo humo: tuseme 40,000. Jibu ni 94,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei ya kusubiri.

Mkisubiri mwaka mzima na mkapata milioni 15, mtakuwa mmeongeza 1,158,000 baada ya ajenti, na mmetumia takriban 1,128,000 kuisubiri. Mmetoka sare. Na hapo nimechukulia kwamba hiyo 15 itapatikana, kwamba mume wako hataugua, na kwamba akiba ya miezi minne imegeuka kuwa ya miezi 12 kwa miujiza. Ili kusubiri kuwe na faida ya kweli, mnahitaji mnunuzi wa 15 ndani ya miezi michache, au kazi inayolipa marejesho bila kugusa akiba. Hakuna kati ya hayo kinachoonekana kwenye barua yako.

Kwa hiyo siiiti 13.8 "kuuza kwa hasara", ingawa najua inavyouma ukikumbuka jirani. Bado ni zaidi ya mlivyonunulia. Lakini pia siyo lazima muipokee kama ilivyo. Huyo mtu ametaja bei kwa nyumba iliyokaa sokoni miezi kumi, na anajua hivyo. Mrudishieni 14.3, muwe tayari kukutana naye karibu na 14, na muwe tayari kumpunguzia laki mbili tatu iwapo analipa haraka. Mnunuzi wa 13.9 mwenye pesa mkononi ni bora kuliko wa 14.5 anayengoja shamba la babake liuzwe. Mwulizeni waziwazi: pesa zinatoka wapi? Kama ni sacco, mkopo umeidhinishwa au ni fomu tu amechukua?

Kabla ya kumjibu, lipieni mthamini aliyesajiliwa. Atawapa bei ya soko kwa maandishi, na karibu kila ripoti inayoandikiwa benki huwa na tarakimu ya pili, ile ya kuuza kwa kulazimishwa, ambayo mara nyingi ni kama robo tatu ya ya kwanza. Isomeni hiyo ya pili kwa makini. Kama nyumba ina thamani ya 13.8, mnadani inaweza kwenda kwa kitu kama 10.4, na mkitoa deni, malimbikizo na ada za mpiga mnada, milioni 5.5 inageuka kuwa mbili na kitu. Tofauti kati ya kuuza leo kwa hiari na kuuzwa mwakani kwa lazima ni kubwa kuliko tofauti yoyote mnayobishana na mnunuzi.

Sijakutisha, benki haiwezi kuwatoa kesho. Sheria ya Ardhi inaitaka itoe kwanza notisi ya siku 90 ya kulipa malimbikizo, halafu notisi ya siku 40 ya nia ya kuuza, kisha mpiga mnada naye atoe siku 45. Kabla ya mnada lazima nyumba ithaminiwe, na mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana. Huo ni muda wa nusu mwaka. Watu wengi huutumia kujificha na kuzima simu. Ninyi utumieni kabla haujaanza. Nendeni tawini sasa, wakati rekodi yenu ni safi, mwambieni meneja wa mikopo kwamba mapato yameshuka na nyumba iko sokoni, na muombe miezi sita ya kulipa riba pekee. Hiyo inapunguza mzigo kutoka 120,000 hadi 95,000, na akiba ya miezi minne inasogea. Ulizeni pia kwa nini bado mko asilimia 15 ilhali riba ya Benki Kuu imeshuka. Benki sasa zinatakiwa kupanga riba za mikopo inayobadilika kwa kigezo cha KESONIA (wastani wa riba ambayo benki hukopeshana kwa usiku mmoja) na kueleza nyongeza yao juu yake, kwa hiyo swali lako si la ubishi, ni la haki. Pateni jibu kwa barua, si kwa mdomo.

Sasa ushuru, maana hapo mmechanganywa pande zote mbili. Aliyekwambia KRA itachukua milioni mbili amepiga asilimia 15 ya bei yote ya nyumba. Sivyo. Ushuru wa faida ya mtaji, uliopandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia Januari 2023, unatozwa kwenye faida: bei ya kuuza ukitoa gharama za kuuza, ukitoa bei uliyonunulia, ushuru wa stempu uliolipa wakati huo, wakili, na pesa ya kuboresha nyumba mradi una risiti. Kwenu, 11.5 na stempu ya asilimia 4 ni karibu milioni 12. Ongezeni wakili na kabati za jikoni mnakaribia 12.7. Kwa bei ya 13.8, mkitoa ajenti na wakili, faida iliyobaki ni kama laki nne, na ushuru wake ni kama 60,000.

Na hata hiyo huenda msilipe. Sheria inasamehe nyumba ya makazi ambayo mwenyewe ameishi ndani yake mfululizo kwa miaka mitatu iliyotangulia uhamisho. Ninyi mmekaa tangu 2016. Wakili wenu atawasilisha hilo kwa vielelezo: bili za umeme, barua za mtaa, chochote chenye anwani na jina.

Hapo ndipo ushauri wa rafiki wa Kitengela unapokuwa na mwiba. Mkihama na kuweka mpangaji, ule mfululizo umekatika. Mkija kuuza kwa ile 17 mnayoiota, mtakuwa na faida ya zaidi ya milioni tatu ya kutozwa, na ushuru wake unapita nusu milioni. Tena kodi ya mpangaji yenyewe inatozwa ushuru wa asilimia 7.5 kila mwezi, kwa mapato ya zaidi ya 288,000 kwa mwaka. Mpangaji akilipa 65,000, ushuru ni 4,875, na Kitengela mtalipa 30,000 yenu. Mnabaki na 30,000 ya kusaidia rejesho la 120,000. Na mnunuzi anayekuja Jumamosi kuangalia nyumba atakuta makochi ya mtu mwingine na mpangaji asiyetaka kuhama.

Sisemi kupangisha ni kosa daima. Mume wako akipata mkataba wa miaka miwili Juba au Kigali mhamie wote, pangisheni. Kwa hali ya sasa, hapana.

Turudi kwa arubuni, kwa sababu hapa mume wako, kwa nia njema kabisa, anaweza kuwaingiza shimoni. Mkataba ukisainiwa, mnunuzi hulipa asilimia 10. Kwa bei ya 13.8 ni 1,380,000, na pesa hiyo kwa kawaida hukaa kwa wakili wa muuzaji kama mshikaji wa pande zote mbili hadi uhamisho ukamilike, mara nyingi siku 90. Siyo yenu. Wapo wauzaji wanaoomba iachiliwe mapema, na wapo mawakili wanaokubali. Hali ngumu ya uchumi ndiyo wakati mbaya zaidi wa kufanya hivyo, maana mikataba mingi inavunjika: sacco inachelewesha, mnunuzi mwenyewe anafutwa kazi, au kunazuka tatizo la hati upande wenu. Likiwa tatizo ni lenu, mnatakiwa kurudisha kila shilingi. Zanzibar mmeshakwenda, 380,000 imeliwa, akiba imekwisha, na aliyekuwa mnunuzi sasa ni mdai.

Kwa hiyo jambo hili sina shaka nalo: safari isilipwe na arubuni, wala mkopo wa simu, wala kadi. Ilipwe na pesa iliyokwisha kuwa yenu.

Nimesema tatizo la hati upande wenu, na kwa Syokimau sisemi kwa kubahatisha. Tangu ubomoaji wa Oktoba 2023 kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland huko Mavoko, ambako watu walipoteza nyumba walizokuwa wamezinunua kwa pesa zao halali, mnunuzi wa eneo lenu huja na woga na wakili wake huchimba historia ya kiwanja hadi mwanzo. Ukiwa na karatasi tayari, umeshamzidi jirani anayetaka 18. Ombeni benki nakala ya hati na ya rehani. Lipeni ushuru wa ardhi wa kaunti ya Machakos na mpate cheti cha kutodaiwa, na kama ni hati ya kukodi, cheti cha serikali cha kutodaiwa kodi ya ardhi pia. Kama mezoneti yenu iko ndani ya mtaa wenye kampuni ya usimamizi, ulizeni kama hati zimegeuzwa kufuata Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020. Benki ya mnunuzi itauliza. Weka vyote kwenye faili moja, mpe mnunuzi nakala siku ya pili anayokuja, si siku ya ishirini.

Umeniambia hati iko kwa jina la nani? Hukusema. Iwe kwa jina lake pekee au lenu wote, hapo ndipo familia inapoishi, na idhini yako ya maandishi inahitajika. Usisaini ukurasa wa mwisho tu ulioletwa na bodaboda. Soma wote.

Halafu nyumba yenyewe. Nimeona wauzaji wakitumia laki mbili kupaka rangi sebule huku mnunuzi wa Syokimau akiingia, anavuka sebule bila kuitazama, anakwenda jikoni na kufungua bomba. Anangoja. Analamba kidole kuona kama ni chumvi. Kisha anapandisha macho kwenye dari chini ya tangi, akitafuta duara la kahawia. Rekebisheni tangi, safisheni duara, muwe na stakabadhi za maji mkononi. Rangi baadaye. Na nyumba hiyo iondoeni kwa mabroka wanne walioitangaza kwa bei nne tofauti. Mnunuzi akikuta picha ile ile kwa 18, 17.5 na 16.9 anajua mmechoka. Baki na ajenti mmoja aliyesajiliwa na bodi ya maajenti, kwa mkataba wa miezi mitatu.

Sasa Zanzibar. Dada yako namwelewa, na najua mtaa utasema. Lakini watoto wa miaka 13 na 8 waliosikia baba hana kazi na sasa wanasikia nyumba yao inauzwa wanahitaji kitu ambacho hakikuvunjika mwaka huu. Siwezi kuita hilo wazimu. Ninachokataa ni ile pakiti.

Siku nne kwa 380,000 ni bei ya Krismasi. Watoto wa Kenya hufunga shule mwisho wa Oktoba na kukaa nyumbani hadi Januari, ilhali Wazungu wanaojaza fukwe za Nungwi na Paje kule Zanzibar huanza kumiminika karibu na tarehe 20 Desemba. Hiyo ina maana mna wiki kama saba ambazo watoto wako huru na hoteli ziko tupu. Ni msimu wa vuli, mvua zinakuja na kuondoka. Siyo masika ya Aprili ambayo hunyesha hadi hoteli nyingine zinafungwa. Mwisho wa Novemba vitanda vile vile huuzwa kwa bei nyingine kabisa.

Shilingi yetu nayo iko upande wenu safari hii. Januari 2024 dola moja ilikuwa inafika 160. Baada ya Serikali kukopa upya na kulipa sehemu ya deni la Eurobond (mkopo wa dola kutoka soko la nje) Februari ile, ikateremka hadi kama 129 na kukaa hapo. Kwa upande wa Tanzania, shilingi moja ya Kenya iliyokuwa ikipata kama 16 zao wakati huo, tangu katikati ya 2024 imekuwa ikipata kati ya 18 na 21. Kula na kulala kwa jirani kumepungua bei bila nyinyi kufanya lolote. Mkifika, ulizeni bei kwa shilingi za Tanzania. Tangu Machi 2025 kanuni zao zinakataza huduma za ndani kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa mambo machache, kwa hiyo anayekutajia dola kwa kila kitu mwombeni abadilishe.

Kama ningekuwa mimi, ningewauliza watoto kama wanataka kisiwa au wanataka bahari ya nchi nyingine. Mara nyingi ni la pili. Mnakaa karibu kabisa na kituo cha treni ya SGR kilichoko Syokimau: treni hadi Mombasa, daraja la kawaida, ni 1,500 kwa mtu mzima, na wa miaka minane analipa nusu. Kutoka Mombasa ni basi hadi Lunga Lunga, mnavuka Horohoro, na Tanga ni mwendo wa saa moja na kitu. Mapango ya Amboni yako nje kidogo ya mji, Pangani iko kusini yake na ufuo wake hauna kelele, na samaki wa kukaanga Tanga hawana bei ya kitalii. Siku sita za familia ya watu wanne, kwa kujibana kidogo, zinaweza kukaa ndani ya 120,000. Kisiwa kikishikiliwa, basi la Dar kupitia Namanga na boti ya kuvuka bado ni nafuu sana kuliko ndege nne, ila mwendo ni mrefu na mtoto wa miaka minane atawauliza "bado?" tangu Arusha.

Angalia gharama zilizojificha. Pasipoti ya kawaida imekuwa 7,500 tangu Machi 2024, na mkihitaji nne ni 30,000 kabla hamjatoka nyumbani. Ulizeni uhamiaji kuhusu kibali cha muda cha kusafiri Afrika Mashariki. Kadi ya homa ya manjano kwa kila mmoja. Mkienda na gari, bima ya kadi ya njano ya COMESA (bima ya gari inayokubalika ng'ambo ya mpaka) na kitabu cha gari. Kama hayo yanawashinda mwaka huu, Uganda huingia kwa kitambulisho cha taifa kwa watu wazima, na Jinja ni safari ya barabara moja kupitia Busia, ingawa watoto watahitaji hati yao ya kusafiria. Afrika Kusini haitudai viza tangu Januari 2023, lakini tiketi nne za ndege zitameza bajeti nzima; iacheni. Na baada ya vurugu na kukatwa kwa intaneti zilizofuata uchaguzi wa Tanzania wa 29 Oktoba 2025, lipieni tu kinachoweza kuahirishwa na muangalie hali wiki ya kuondoka.

Mpango ninaouona mimi ni huu. Mthamini wiki hii, benki wiki ijayo, mnunuzi ajibiwe ndani ya siku 14. Mkikubaliana sasa, siku 90 zinawafikisha kwenye malipo kamili kabla shule hazijafungwa, na 120,000 kutoka kwenye milioni 5.5 iliyo yenu haitawarudisha nyuma. Mume wako akipata kazi ya kudumu kabla ya hapo, simamisheni mauzo, ombeni benki iongeze muda wa mkopo, na Tanga mnaweza kwenda vilevile. Mnunuzi akitoroka na kazi isipatikane, waambieni watoto ukweli na muende Mombasa siku tatu. Mwenye miaka 13 ataelewa kuliko mnavyodhani.

Hesabu zangu zimetoka kwenye barua yako tu. Msisaini kitu kwa kuzitegemea. Wakili wenu awe wenu, asiwe yule yule wa mnunuzi eti kupunguza gharama, na thibitisheni kwa Chama cha Mawakili kwamba ana leseni ya mwaka huu. Suala la msamaha wa ushuru liulizwe KRA au kwa mshauri wa ushuru kabla ya kusaini mkataba, maana baada ya hapo hamna la kubadilisha. Na ikitokea notisi ya siku 90 imefika mlangoni kabla hamjayafanya haya, iacheni barua yangu, chukueni notisi hiyo na muende kwa wakili siku hiyo hiyo.